Kisarawe Ipi?

Zamani ukitaka kiwanja Kibaha, mkoani Pwani, ulishuka Maili Moja ukauliza dalali. Madalali walikaa karibu na stendi, kila mmoja na daftari lake la kaunta, na soko zima la ardhi lilikuwa ndani ya madaftari hayo na ndani ya vichwa vya wenyewe. Kando ya barabara ya Morogoro vilisimama vibao vya bati vyenye namba za simu, na kwenye kuta za nyumba ungesoma maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Hata leo ukipita mitaani utayakuta. Ukiyaona ujue mwenye nyumba aliwahi kusikia mali yake inapigwa bei na watu asiowajua.

Mimi nilikuwa mchapaji kwenye steshenari moja hapo Maili Moja, na kazi iliyonipitia mikononi kuliko zote ni mikataba ya mauziano ya viwanja. Muuzaji, mnunuzi, mashahidi na mwenyekiti wa mtaa walisimama nyuma ya kiti changu wakinisomea: upana hatua ishirini, urefu hatua thelathini, mashariki kinapakana na shamba la marehemu fulani, magharibi mwembe. Niliichapa miembe mingi. Mara kwa mara mtu aliyekuwa ametia saini kwa furaha alirudi baada ya miezi kadhaa akitaka nakala, na usoni ulijua kwamba kiwanja kimepata mwenyewe mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza huyu mtu angeuliza wapi kabla ya kutoa hela.

Intaneti ilipofika dukani kwetu ililipiwa kwa nusu saa. Watu walikuja kufungua barua pepe zao za Yahoo, na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka duka lilijaa hadi barazani, wazazi wakishikilia vikaratasi vyenye namba za watoto wao. Blogu za Kiswahili zilikuwa ndiyo zinaanza. Ndesanjo Macha alikuwa amefungua Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani, akiandika Kiswahili bila kuomba radhi. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, alifungua ya kwake akiwa Helsinki, kwenye mkutano aliokutana na Macha, na Watanzania wengi walilijua neno blogu kupitia picha za Michuzi. Nilizisoma zote mbili wakati wateja wakinywa chai. Moja ilinionyesha kwamba jambo zito linaandikika kwa lugha yetu kwenye kompyuta, na nyingine ilinionyesha kwamba watu watarudi kila siku mahali wanapojiona wenyewe.

Mwaka 2008 nikafungua ya kwangu kwenye Blogger, huduma ya bure ambayo Google waliinunua 2003. Sikutangaza kiwanja hata kimoja. Niliandika yale niliyoyaona yakikosekana kwenye mikataba: kwamba Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatenganisha ardhi ya mjini na ya kijiji; kwamba muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati; kwamba shamba la kijijini haliuzwi mpaka halmashauri ya kijiji iridhie; kwamba kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na bikoni unazoweza kuzigusa kwa mkono. Mambo hayo yalikuwa kwenye vitabu vya sheria, ofisini. Kwenye mtandao, kwa Kiswahili, kwa mtu wa Kibaha, hayakuwapo.

Kilichonibadilisha kilikuja 2010, Blogger walipoweka ukurasa wa takwimu. Pale niliona kwa mara ya kwanza maneno ambayo wasomaji walikuwa wameyaandika Google kabla ya kunifikia. Sidhani kama kuna kitu kimewahi kunifundisha uandishi kuliko orodha ile. "kiwanja kibaha bei rahisi." "mkataba wa kuuziana shamba." "jinsi ya kujua kiwanja kina mgogoro." "kisarawe ni mkoa gani." Hakuna herufi kubwa, hakuna nukta, na ndani yake mtu mzima na akiba yake yote. Mimi niliandika "taratibu za umilikishwaji wa ardhi" kama ilivyoandikwa serikalini. Wao waliandika "nataka kujua kiwanja changu ni halali". Nikaanza kuvipa vichwa vya makala maneno yao, na kurasa zilizokuwa zimelala zikaanza kusomwa. Mashine ya kutafuta ililinganisha maneno ya mtu na maneno ya ukurasa, ikahesabu na viungo vya kurasa nyingine vinavyouelekea. Ukiandika kama barua ya ofisi, utasomwa na ofisi.

Orodha hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha tatizo la majina. Mtu aliyetaka Wilaya ya Kisarawe ya Pwani aliandika "viwanja kisarawe" na Google ikamletea Kisarawe II, ambayo ni kata ya Kigamboni, zamani Temeke, upande mwingine kabisa wa Dar es Salaam. Mwingine aliandika "shamba masaki" na kuletewa nyumba za kupanga za Masaki ya mabalozi, kando ya bahari, ilhali alichotaka ni Masaki ya Kisarawe yenye mikorosho na mihogo. Kisarawe ina Chole yake, na Mafia ina kisiwa cha Chole. Ina Msanga, na Dodoma nako kuna Msanga. Halafu Kiluvya: kata ya Kiluvya ni ya Wilaya ya Kisarawe, lakini anayepita barabara ya Morogoro akiona Kiluvya Madukani hudhani bado yuko Dar, au ameshaingia Kibaha. Tofauti hiyo si ya kwenye ramani tu. Ndiyo inayoamua uende kwa afisa ardhi gani, kwenye jengo gani, kulitazama faili lipi. Nimewaona watu wakipeleka maombi kwenye halmashauri isiyohusika na kurudishwa mlangoni, na wakati huo huo muuzaji anawapigia simu kuwaambia wateja wengine wamefika.

Ili kuandika vizuri habari za Kisarawe ilinibidi niende. Kibaha na Kisarawe zinapakana, lakini kwa daladala nililazimika kuingia Dar kwanza, Ubungo hadi Gongo la Mboto, ndipo nipande vilima vya Pugu. Kule nilimpata mzee mmoja dalali, Mzaramo aliyekuwa akiijua wilaya kata kwa kata. Daftari lake nalikumbuka hadi leo: jalada gumu lililobandikwa gundi ya karatasi mgongoni, kila ukurasa una ramani aliyoichora kwa kalamu ya bluu, mito kwa mistari ya mawimbi, misikiti kwa mwezi mdogo, na bei kwa penseli ili ifutike.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mteja?"

Nikamweleza nilicholeta: swali. Watu wanatafuta Masaki ya Kisarawe wanapelekwa Masaki ya Dar. Alinyamaza, akafungua ukurasa wa Masaki, akaniambia: "Waandikie hivi. Masaki ya Kisarawe haina bahari. Anayetaka bahari asije."

Niliandika hivyohivyo, neno kwa neno, juu kabisa ya ukurasa. Chini yake nikaweka wilaya, kata, vijiji jirani, nauli kutoka Kisarawe mjini, mazao, na ofisi ya kuulizia. Ukurasa ule ulipanda na kukaa juu miaka mingi kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilifanya vivyo hivyo kwa Kiluvya, Msanga, Chole na Maneromango, na upande wa Kibaha kwa Visiga, Mlandizi na Soga, nikieleza ipi ni ya Kibaha Mjini na ipi ni ya Halmashauri ya Wilaya yenye ofisi zake Mlandizi. Kwa mtaalamu wa masoko ya mtandaoni hayo huitwa utafutaji wa eneo. Kwangu ilikuwa ni kumwuliza mzee na kuandika alichosema.

Ukurasa nilioupigania zaidi ni wa msitu wa Kazimzumbwi. Kwa miaka mingi, hasa upande wa Chanika, watu waliuziana viwanja ndani ya hifadhi ile, wakajenga, na Serikali ikaja kuwaondoa. Waliouza walikuwa wameshaondoka zamani. Waliobomolewa ni wale walionunua kwa akiba ya ufundi, ya mama lishe, ya kiinua mgongo. Nilieleza alama za mipaka ya hifadhi zinavyoonekana, na kwamba dalali akikataa mwende pamoja ofisi ya misitu, jibu umeshalipata. Kama kuna sababu moja ya kuwa na tovuti, kwangu mimi ni ukurasa kama ule.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakienda kasi. Mkonga wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009 na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Simu zikachukua nafasi ya duka letu. Waliokuwa wakilipia nusu saa kwetu sasa walisoma kwa Opera Mini wakiwa ndani ya daladala. Google walipotangaza kwamba kuanzia Aprili 2015 kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zitapewa kipaumbele katika utafutaji wa simu, wenye tovuti wengi walishtuka. Sisi wa Pwani wasomaji wetu walikuwa wa simu siku nyingi. Nilizipunguza picha, ramani nikazikata vipande vipande vinavyojaa kwenye kioo kidogo cha Tecno, na namba za ofisi nikaziweka ziweze kubonyezwa zikapiga.

Wizi wa makala ulikuwa kero. Blogu za kunakili zilizaliwa kila wiki, zikichukua matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA), nafasi za kazi, na makala za watu kama zilivyo. Februari 2011 Google walianza Marekani mabadiliko waliyoyaita Panda, ya kushusha kurasa hafifu na za kunakili, na Agosti mwaka huo yakapelekwa kwenye lugha nyingine nyingi. Kwa Kiswahili sikuona nafuu upesi. Wizi huu una madhara ambayo hayasemwi vya kutosha. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yalifutwa na Serikali na kupangwa upya mwaka 2013. NECTA ilikuwa na ukurasa mmoja wa kubadilisha. Nakala zilizosambaa kwenye blogu za watu zilibaki na yale ya zamani, na wazazi waliendelea kuzifungua. Mimi nilishuhudia dukani mama akilia kwa matokeo yaliyokwishafutwa.

Miaka hiyohiyo yale maneno ya utafutaji ya wasomaji yakafungwa. Oktoba 2011 Google walianza kuyaficha kwa waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao, na kufikia mwishoni mwa 2013 karibu utafutaji wote ulikuwa umefichwa kwenye takwimu za kawaida. Sababu yao ilikuwa faragha, na faragha ni haki ya mtu. Lakini kwa mwandishi mdogo ilikuwa kama kuzibwa masikio. Zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo tangu 2015 inaitwa Search Console, iliendelea kunipa sehemu ya maneno hayo kwa jumla, na niliifungua kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya fotokopi.

Hela ilikuwa shida kwa kila mwanablogu. Programu ya matangazo ya Google, AdSense, kwa miaka mingi haikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Wenzangu wengine walianza kuandika vichwa vya Kiingereza juu ya makala za Kiswahili, wengine wakaandika Kiingereza kibovu chote, ili tu tangazo litokee. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kwa lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu. Mimi nilibaki na kipato cha steshenari, na baadaye cha kuandikia kurasa kampuni ndogo zilizotaka maelezo sahihi.

Tarehe 12 Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, pale Pugu, na soko letu likabadilika ndani ya mwezi mmoja. Maneno "karibu na SGR" yaliingia kwenye kila tangazo. Kiwanja cha Soga kilikuwa karibu na SGR, cha Kisarawe mjini karibu na SGR, na cha kijiji ambacho treni haitaonekana wala kusikika nacho kilikuwa karibu na SGR. Kampuni za viwanja zilikuja na tovuti nzuri, bei kwa mita ya mraba, malipo kwa awamu, na matangazo ya kulipia yaliyokaa juu ya matokeo yote. Nyingine ziliuza viwanja vilivyopimwa kweli na wateja wake leo wana hati. Lakini ukisoma tangazo hukuweza kuzitofautisha na zile ambazo upimaji wake ulikuwa bado ni ahadi. Nilichoweza kufanya ni kuandika umbali: kutoka hapa hadi kituo cha Soga ni kilomita ngapi kwa barabara inayopitika masika. Mwaka huohuo mikoa na halmashauri nchini zilifunguliwa tovuti za muundo mmoja, na kwa mara ya kwanza niliweza kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa Kisarawe wenyewe, wa go.tz, akajisomee.

Mwaka 2018 tukanyamaza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotangazwa Machi mwaka huo zilitaka blogu ziwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka, na adhabu ya faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Hadi Juni, jukwaa kubwa la mijadala la JamiiForums lenyewe lilikuwa limefungwa kwa muda. Blogu nyingi za wilayani, za walimu, za wapenda historia ya Wazaramo, za wakulima wa mananasi, hazikurudi tena. Kwa steshenari ya Maili Moja fedha ile ilikuwa zaidi ya kodi ya chumba cha duka. Nilizificha kurasa zangu. Kilichoniuma ni kwamba walioninakili hawakuzificha, kwa hiyo aliyetafuta Kiluvya alipata maneno yangu ya miaka iliyopita, na nauli za zamani, kwa mtu asiyeweza kujibu swali. Kanuni zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, masharti yakalegea, nami nikarudi.

Nilirudi kwenye dunia nyingine. Vijana hawaanzi tena Google. Wanaanza TikTok na Instagram, ambako mjukuu wa dalali anasimama kwenye bikoni, anageuza simu polepole kuonyesha nguzo za umeme, na kutaja bei. Sioni ubaya hapo. Mnunuzi anaiona ardhi yenyewe, jambo ambalo makala yangu haikuweza. Ila video ya juzi haipatikani kesho, na chini yake watu wanauliza yaleyale: bei gani, ina hati, Kisarawe ipi? Anayejibu hujibu "njoo inbox". Majibu hayo hufia humo, na anayefuata huuliza upya.

Tangu treni zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na bandari kavu ya Kwala ilipozinduliwa Julai 2025, maswali ya upande wa Kibaha Vijijini yameongezeka mno. Safari hii mengi yanafika yakiwa yameshajibiwa na mashine. Google walianza Marekani, Mei 2024, kuweka juu ya matokeo muhtasari ulioandikwa na akili unde, na wateja wangu wanazo programu za aina hiyo kwenye simu zao. Mmoja alinionyesha jibu alilopewa kuhusu Masaki ya Kisarawe. Kiswahili chake kilikuwa safi, sentensi zimenyooka, na mwishoni likasifu upepo wa bahari. Nilimfungulia ukurasa wenye maneno ya yule mzee. Mashine hizi zinajifunza kutokana na kilichoandikwa, na kuhusu Masaki ile ya mikorosho kilichoandikwa ni kidogo mno kulinganisha na ile nyingine. Ndiyo maana siku hizi naandika zaidi kuliko wakati wowote, na nawabana walimu wa shule ya Minaki na watendaji wa vijiji ninaowajua nao waandike, kila mtu kata yake, kwa jina kamili la kata na la wilaya.

Wanaoniandikia sana mwaka huu ni ndugu zetu walioko Muscat na kwingineko. Bunge lilipitisha 2025 marekebisho ya sheria kuhusu hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na suala la ardhi ndilo la kwanza wanaloliuliza, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika nzima, kuanzia salamu hadi jina la babu aliyezaliwa Maneromango. Nayasikiliza, nayaandika kama walivyoyasema, napeleka yanayohitaji mwanasheria kwa mwanasheria, na yaliyobaki nayajibu kwenye ukurasa. Wa Maneromango nimeuanza upya wiki hii. Unahitaji nauli mpya, hali ya barabara kutoka Kisarawe mjini, na jina la ofisi ambako daftari la ardhi la kijiji linatunzwa.